Mpito wa Rangi Ukutani: Brashi, Bomba la Kupulizia, au Plastiki Iliyochapwa?

Mjini Kisumu, mwenye hoteli ya samaki karibu na ufuo wa Dunga, mwenye shule ya chekechea kule Mamboleo na mwenye duka la vipuri pale Kondele wanaweza kumwendea fundi na ombi lilelile: ukuta ambao rangi yake haikatiki kwa mstari, bali inaanza nzito upande mmoja na kubadilika polepole mpaka inakuwa nyingine upande wa pili. Fundi wa brashi atasema kazi hiyo ni ya brashi. Aliyezoea kupaka matatu, yaani magari ya abiria, atasema haiwezekani bila kompresa. Kijana wa duka la uchapaji naye atafungua kompyuta na kuonyesha mpito laini uliotengenezwa papo hapo, tayari kuchapwa kwenye plastiki na kubandikwa kesho yake. Wote watatu wanasema kweli kwa kiasi fulani. Ulinganisho huu unakusudiwa kumsaidia mwenye ukuta kuamua kabla hajatoa arubuni, na rai yangu naitoa mapema: usichague kwa kuangalia rangi ya mwanzo na rangi ya mwisho, kwa sababu njia zote tatu huzipata hizo bila taabu. Angalia katikati, pale rangi moja inapoiachia nyingine nafasi, kwani hapo ndipo njia hizi zinapotofautiana kabisa.

Chukua mfano wa anga la machweo, yaani rangi ya machungwa chini na buluu juu. Jua linapozama upande wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, nuru yake hupenya hewa nyingi zaidi, karibu mara 38 ya ile inayopenywa na jua la utosini. Humo njiani nuru ya buluu, yenye wimbi la urefu wa takriban nanomita 450, hutawanywa karibu mara 6 zaidi ya nuru nyekundu ya nanomita 700, na ndiyo maana inayotufikia kutoka upeo wa macho imebaki nyekundu na ya machungwa. Lakini ukitazama kwa makini hutaiona rangi ya machungwa ikigeuka buluu moja kwa moja. Juu yake kuna manjano, juu ya manjano kuna ukanda uliopauka ambao ni vigumu kuutajia rangi, na buluu huanza baada ya hapo. Anga huweza hayo kwa sababu linajumlisha nuru na nuru, na nuru za rangi zinazopingana zikijumlishwa huelekea weupe.

Rangi ya kopo hufanya kinyume. Kila chembe yake hufyonza sehemu ya nuru, na ukichanganya rangi ya machungwa na buluu katika ndoo moja, kila moja humeza kile ambacho mwenzake angekirudisha, ukabakiwa na kahawia ya tope. Kompyuta nayo ina tabia yake ya tatu: ukiipa manjano kamili na buluu kamili kisha ukaiachia itafute katikati kwa hesabu ya kawaida, itakupa kijivu, kwa kuwa nyekundu, kijani na buluu za skrini zote zinakuwa nusu kwa nusu, ilhali fundi akichanganya manjano na buluu hizohizo ndooni atapata kijani. Kwa hiyo picha uliyoipenda kwenye simu haielezi ukuta utakaoupata, hata kama fundi ni hodari kiasi gani, isipokuwa mmekubaliana kwa maneno kuhusu rangi ya katikati.

Anga linafundisha jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza. Halibadiliki kwa mwendo mmoja. Karibu na upeo wa macho rangi hubadilika haraka, na kadiri macho yanavyopanda ndivyo mabadiliko yanavyotulia. Fundi anayegawa ukuta wa mita 3 katika mikanda sita iliyo sawa, kila mmoja sentimita 50, atatoa kitu kinachofanana na bendera. Mwambie abane mabadiliko chini na kuyalegeza juu.

Brashi na sponji

Kuta za plasta kwa kawaida hupakwa rangi ya maji, na udhaifu wake kwa kazi hii ni kwamba hukauka upesi, hasa katika joto la Kisumu, ilhali mpito wa brashi unahitaji rangi mbili zikutane zikiwa bado mbichi. Fundi anayeijua kazi yake hulishinda tatizo hilo kwa kuanza asubuhi na mapema kwenye upande ambao jua halijaufikia, kwa kulowesha ukuta kidogo, na kwa kufanya kazi na mwenzake, mmoja akishuka kutoka juu na mwingine akipanda kutoka chini mpaka wakutane. Muhimu zaidi, hauachii ukuta kazi yote ya kuchanganya. Huandaa ndoo tano hadi saba za rangi za kati, akazipanga kwa utaratibu, akazijaribu kwenye kipande cha mbao, kisha akashona maungio kwa brashi iliyokaribia kukauka, akiipitisha kwa mkato wa msalaba, au kwa sponji.

Maungio hayo yanastahili saa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi. Jicho la binadamu hukuza mipaka: mwanafizikia Ernst Mach alieleza mnamo 1865 jinsi tunavyoona mistari myeupe na myeusi mahali ambapo mwangaza unaanza au unaacha kubadilika ghafla, ingawa mistari hiyo haipo. Ndiyo maana ukuta wenye ndoo kumi za rangi za kati lakini maungio makavu huonekana wa ngazi, na wenye ndoo tano tu zilizoungwa vizuri huonekana laini. Fundi akikuambia suluhisho ni kununua rangi zaidi, mwulize kwanza atazishona vipi alizo nazo.

Umbali nao unasaidia. Jicho lenye nguvu za kawaida linaweza kutenganisha alama mbili zilizoachana milimita 1 kutoka umbali wa mita 3 na nusu hivi. Kutoka mita 10, alama zilizoachana chini ya milimita 3 huanza kuyeyukiana. Mchoraji Mfaransa Georges Seurat alijenga mtindo wake mzima juu ya jambo hilo katika miaka ya 1880, akiweka nukta za rangi safi kandokando na kuliachia jicho la mtazamaji lichanganye. Sponji ya fundi wetu hufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo: nukta za rangi ya machungwa na nukta za krimu zilizopigwa kandokando hazizai tope, kwa sababu hazikuchanganyika kwenye ndoo. Kutoka barabarani nukta hazionekani. Ndani ya darasa, ambapo mtoto ameketi nusu mita kutoka ukutani, zitaonekana zote, na mimi sioni kwamba hiyo ni kasoro. Wachapaji wa Japani waliofanya kazi na Hiroshige katika karne ya 19 walikuwa wakipangusa rangi kwa maji juu ya ubao wa mbao kabla ya kuweka karatasi, ili buluu ya anga ififie yenyewe, na hakuna nakala mbili zilizofanana kabisa. Watu wanazithamini hadi leo kwa alama hizohizo za mkono.

Faida kubwa ya brashi hata hivyo si uzuri, ni ukarabati. Bodaboda atauegemeza usukani wake ukutani, kiti kitakwaruza, bomba la maji litavuja na fundi wa bomba atatoboa. Mwenye ukuta aliyebakiza nusu lita ya kila rangi ya kati, kopo likiwa limeandikwa namba, anaweza kuziba jeraha hilo mwenyewe kwa sponji. Njia nyingine mbili hazimpi nafasi hiyo.

Bomba la kupulizia

Kwa ulaini, bomba linalosukumwa na kompresa halina mpinzani. Rangi hutoka kama ukungu, matone madogo yakatua juu ya rangi iliyokwisha kukauka, na kila mpigo unaongeza kidogo tu. Hakuna ungio la kushona kwa sababu hakuna ungio. Kwa kuwa matone hukauka yakiwa peke yake, rangi zinazopingana hazichafuki sana kama zinavyochafuka ndooni. Hii ndiyo kazi tunayoiona kwenye matatu za Nakuru na Kisumu, ambapo zambarau inageuka buluu na buluu inageuka fedha kwenye mgongo wa gari, huku mstari wa manjano uliowekwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ukipita katikati ya sanaa hiyo bila kufifia upande wowote.

Lakini mwili wa matatu ni chuma kilichopigwa msasa, na karakana ina kuta. Ukuta wa nje wa nyumba uko kwenye upepo, na katika mji huu upepo una ratiba: adhuhuri ikishapita, hewa huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mara nyingi mvua ya radi huifuata. Ukungu wa rangi uliokusudiwa ukuta wako utatua kwenye nguo za jirani na kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Kazi ya kupulizia nje ifanywe asubuhi au isifanywe. Aidha, plasta yenye mashimo na mikunjo hufichuliwa na rangi nyembamba, kwa hiyo gharama ya kulainisha ukuta huongezeka kabla hata bomba halijawashwa. Kwa mabati, milango ya chuma, kontena na mageti hali ni tofauti kabisa. Hapo brashi huacha michirizi isiyofichika, na ningechagua bomba bila kusita.

Tahadhari moja haifai kuachwa. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumuisho mara nyingi huwa na isosayaneti, kemikali zinazoweza kumletea fundi pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Fundi asiye na kinga maalumu ya kupumulia iliyokusudiwa kemikali hizo asiruhusiwe kupulizia rangi za aina hiyo ndani ya chumba chako.

Plastiki iliyochapwa

Uchapaji ndio wa haraka kuliko zote na ndio unaodanganya zaidi, ingawa si kwa makusudi. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi zake tatu, jambo linalotoa rangi zaidi ya milioni 16, na mtu angedhani hizo zinatosha. Piga hesabu. Bango la urefu wa mita 3 linalotumia ngazi zote 256, kutoka nyeusi hadi nyeupe, litakuwa na mikanda ya milimita 12 hivi, isiyoonekana. Lakini mipito inayopendeza mara nyingi ni ya upole, kwa mfano kutoka buluu ya wastani hadi buluu iliyopauka kidogo, na huo huenda ukatumia ngazi 40 tu. Sasa kila mkanda una upana wa milimita 75, na bango lililokuwa laini kwenye skrini ya simu litaonyesha mistari mchana kweupe. Dawa yake ni rahisi: mwombe mchapaji aongeze chembechembe kidogo juu ya mpito kabla ya kuchapa, ili mipaka ya ngazi ivunjike. Akikushangaa, tafuta mchapaji mwingine.

Ubaya mwingine ni wino. Nyekundu na manjano za wino wa kawaida hufa juani mapema kuliko buluu na nyeusi, ndiyo sababu mabango ya zamani ukutani hubaki na sura za watu zenye rangi ya buluu. Machweo yaliyochapwa kwa wino wa namna hiyo yakibandikwa upande wa magharibi yatapoteza kwanza jua lenyewe, na kilichobaki kitafanana na mvua. Wino mzuri na plastiki ya kinga juu yake huchelewesha hali hiyo, basi uliza vyote viwili viandikwe kwenye risiti. Plastiki iliyotoboka au kuchanika haizibwi, hutolewa yote.

Rangi moja, majirani, au mahasimu

Kabla ya kumalizana na fundi yeyote, amua pia aina ya mpito, kwa sababu aina hiyo inaweza kukubadilishia njia. Aina ya kwanza ni rangi moja inayoelekea weupe. Heroe (flamingo) wa maziwa ya Nakuru na Bogoria ni mfano wake bora: miguu myekundu iliyoiva, mabawa yenye mabaka mekundu, kisha waridi inayofifia mwilini mpaka inakaribia kuwa nyeupe, yote kutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili zinazopatikana katika viumbe wadogo wa majini ambao ndege hao huwala. Jiwe laini la Tabaka, linalochongwa na Wakisii, nalo hutoka nyeupe na krimu hadi waridi ndani ya kipande kimoja. Mpito wa namna hii hauwezi kuzaa tope, fundi wa kawaida anaumudu kwa brashi, na ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi kuliko wanavyotarajia.

Aina ya pili ni rangi zinazopakana, kama kijani na buluu, au manjano na nyekundu. Ukisimama kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero asubuhi ukaelekea kaskazini utaona kijani kibichi miguuni, kijani kilichokolea mbali kidogo, na mteremko wa Nandi ukiwa buluu iliyopauka nyuma ya hewa yote iliyo katikati. Leonardo da Vinci aliufafanua mpangilio huo katika maandishi yake yapata miaka 500 iliyopita, kwamba vitu vya mbali hupoteza rangi yake na kuingia buluu. Rangi zinazopakana hupokeana vizuri kwa njia zote tatu.

Aina ya tatu ni mahasimu: machungwa na buluu, nyekundu na kijani, manjano na zambarau. Hapa tumia ujanja wa anga na uweke ukanda uliopauka katikati, krimu au nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, ili kila rangi iende kwenye weupe badala ya kwenda kwa mwenzake. Fundi anayesisitiza kuzichanganya moja kwa moja kwa brashi anakupeleka kwenye kahawia.

Jua na udongo

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na miale ya jua inayoharibu rangi ni mikali mwaka mzima. Mpito una tatizo ambalo ukuta wa rangi moja hauna: rangi iliyopunguzwa kwa nyeupe nyingi hufifia mapema kuliko ileile ikiwa nzito, kwa hiyo upande uliopauka hutoweka kwanza na ule mpito unasogea kila mwaka kuelekea upande mzito. Rangi zinazotokana na madini ya chuma, yaani nyekundu ya matofali, manjano ya udongo na kahawia, hazijali jua hata kidogo. Buluu za kisasa za kiwandani nazo huvumilia vizuri. Nyekundu kali na waridi za bei nafuu ndizo za kuogopwa nje.

Upande mzito uwekwe chini, na si kwa uzuri tu. Mvua hurusha udongo ukutani hadi kimo cha goti, na udongo wenyewe hutofautiana kwa mwendo wa saa moja tu barabarani. Vihiga na Kakamega ni nyekundu. Uwanda wa Kano ni mweusi unaonata. Mwenye duka la Chavakali aanze chini na nyekundu ya matofali, mwenye duka la Ahero aanze na kijivu kilichoiva, na mvua za Machi hadi Mei hazitaonyesha chochote. Kina mama waliokuwa wakisiriba nyumba za udongo kwa mkanda mweusi chini na rangi nyepesi juu walilijua hili kabla ya viwanda vya rangi kufika.

Kwa chekechea ya Mamboleo, basi, ningechagua brashi na sponji, rangi ya maji, rangi moja inayofifia kuelekea dari, kwa kuwa watoto watauchafua ukuta na mwalimu atahitaji kuukarabati mwenyewe. Weupe wa juu pia huinua chumba chenye dari fupi. Duka la vipuri la Kondele lina mlango wa chuma wa kukunja na mabati, na hapo apewe kazi fundi wa matatu mwenye barakoa, afanye rangi zinazopakana kwa mwendo mkali, ila jina la duka liandikwe mahali ambapo rangi ya nyuma haibadiliki sana. Herufi nyeupe zilizotandazwa juu ya mpito mzima husomeka mwanzoni na kupotea mwishoni.

Hoteli ya Dunga ndiyo ngumu, kwa sababu inataka mahasimu wawili, iko juani, na jioni wadudu wa ziwani huja kwa makundi wakanasa kwenye chochote kibichi. Ningempa fundi wa brashi ukuta wote, rangi ya maji na si ya mafuta, machungwa itokane na madini ya chuma, ukanda wa krimu ulio mpana kuliko anavyodhani unahitajika, buluu iachwe itulie juu, na kila siku kazi ikome mapema alasiri ili ukuta ukauke kabla taa hazijawashwa. Plastiki iliyochapwa ningeitumia kwa orodha ya bei za samaki peke yake, ambayo itabadilika kabla wino wake haujapata nafasi ya kufifia.